Nyumba Ifundishayo

Katika nchi ya Burkina Faso, iliyo upande wa magharibi wa Afrika, kuna kijiji kiitwacho Gando. Kijiji hiki ki kusini-mashariki ya Ouagadougou, mji mkuu wa nchi ile, na mji ulio karibu nacho ni Tenkodogo. Nchi yenyewe ni tambarare na kavu. Mvua hunyesha miezi michache tu ya mwaka, lakini ikija huja kwa nguvu nyingi. Kisha jua hurudi likawaka kama kwanza. Wakati wa hari joto hupita digrii 40, hata mtu aliyeketi kivulini hutokwa na jasho. Wenyeji ni wakulima, na tangu kale nyumba zao hujengwa kwa udongo.

Katika mwaka wa 1965 alizaliwa kijijini hapo mtoto mwanamume, jina lake Diébédo Francis Kéré. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Siku zile Gando haikuwa na shule, na mzee alitamani mwanawe ajue kusoma, apate kumfasiria barua zake. Basi mtoto alipotimiza miaka 7 alitolewa nyumbani kwao, akapelekwa Tenkodogo akae huko na kusoma. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa kijiji chake kuingia shuleni.

Shule aliyoikuta ilikuwa imejengwa kwa matofali ya saruji. Chumba kilikuwa na mwanga haba na upepo haukupita vizuri, na wanafunzi zaidi ya 100 walisongamana humo kwa saa nyingi katika joto kali. Kila mtoto aliyepata kukaa chini ya bati lisilo na dari saa nane za mchana ajua maana ya jambo hili. Mwalimu husema, masikio husikia, lakini akili imekwisha lala. Wengine huadhibiwa kwa uvivu, na kumbe mwenye kosa ni paa. Kijana Kéré aliona taabu ile, akajiwekea nadhiri moyoni kwamba iko siku atajenga shule zilizo bora kuliko hiyo.

Kila likizo ilipokwisha, alipita nyumba hata nyumba kuwaaga watu wa Gando kabla ya kurudi Tenkodogo. Nao akina mama wa kijiji, mmoja baada ya mmoja, walifungua pindo za nguo zao, wakatoa senti yao ya mwisho wakampa. Mtoto akastaajabu, akamwuliza mama yake sababu ya kupendwa hivyo. Mama akamweleza kwamba wanawake wale wanachanga kwa ajili ya masomo yake, wakitumaini kuwa siku moja atarudi na kuwafaa. Deni la namna hii haliandikwi katika karatasi, wala hapana baraza linaloweza kumdai mtu alipe. Lakini yeye hakulisahau.

Mwaka wa 1985 alipata msaada wa masomo akaenda Ujerumani kujifunza useremala. Mchana alijifunza kutengeneza mapaa na vyombo vya mbao, na jioni aliingia darasani kumaliza masomo ya shule. Baadaye akapokewa katika chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, asome usanifu wa majengo, yaani elimu ya kupanga na kuchora nyumba. Hakungoja kuimaliza elimu hiyo ndipo aanze kazi. Mwaka wa 1998, angali mwanafunzi, alianzisha chama cha kuchanga fedha pamoja na rafiki zake, ili Gando ipate shule yake yenyewe.

Fedha zikapatikana kidogo kidogo, naye akarudi nyumbani na shauri lake. Watu wakakusanyika kumsikiliza. Walitazamia ya kwamba kijana wao aliyekaa Ulaya miaka mingi angewaletea nyumba ya saruji na vioo kama zile za mjini. Aliposema kuwa shule itajengwa kwa udongo, walifadhaika. Udongo waliujua sana. Nyumba zao wenyewe ziliharibiwa na mvua, kila mwaka wakazitengeneza upya, na mwaka uliofuata mvua ikaziharibu tena. Basi wakaulizana: Hii ndiyo elimu aliyoifuata mbali hivyo, badala ya kulima pamoja nasi?

Swali lao halikuwa la kijinga. Wakulima wale hawakuwa na mali ya kuchezea, na kama shule ingeanguka masika ya kwanza, isingeanguka nyumba peke yake, bali na tumaini la wale akina mama waliofungua pindo zao. Kwa hiyo Kéré alipaswa kuwathibitishia, tena si kwa maneno. Michoro ya fundi haikufaa kitu, kwa sababu wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Basi wakafanya vielelezo, yaani vipande vya kazi vya kujaribia, ili kila mtu aone kwa macho na kushika kwa mkono. Udongo ulikuwa ule ule wa siku zote. Kilichobadilika ni jinsi ya kuutumia.

Na sasa ni vema kuangalia jinsi hiyo, maana ndiyo kiini cha somo hili.

Kwanza ni tofali. Udongo wa pale ulichanganywa na saruji kiasi kidogo, ukatiwa katika mashine ya kushindilia inayoendeshwa kwa mkono, ukakandamizwa mpaka ukawa tofali gumu. Tofali hilo halichomwi motoni, kwa hiyo halikati miti ya kuni, na katika nchi kavu kama ile mti mmoja ni mali. Nalo lina tabia njema: hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Jua likiupiga ukuta mnene wa udongo asubuhi, joto halifiki ndani upesi. Na usiku ukuta hupoa tena. Bati ni kinyume chake. Dakika chache za jua hulifanya bati liwe kama kikaango.

Pili ni paa. Adui wa udongo ni maji. Kwa hiyo paa la Gando lilifanywa pana, likatokeza mbali nje ya kuta pande zote, mvua isipate kuzigusa. Hilo moja lilijibu hofu ya wazee. Lakini tazameni na jambo jingine. Paa lile ni la mabati, wala halikuwekwa juu ya kuta kama kifuniko cha chungu. Liliinuliwa juu kwa kenchi nyembamba za nondo, likaacha nafasi kubwa kati yake na dari. Na dari yenyewe ni ya matofali ya udongo yaliyolazwa juu ya vyuma, yenye matundu. Jua hulichoma bati, bati hupata moto, lakini moto ule haushuki juu ya vichwa vya watoto, kwa sababu upepo hupita katika ile nafasi na kuuchukua. Na hewa ya moto iliyo chumbani, ambayo tabia yake ni kupanda, hupita katika matundu ya dari na kwenda zake. Inapotoka, hewa nyingine iliyo baridi zaidi huingia kwa madirishani kujaza mahali pake. Basi chumba hupumua kama kiumbe hai, na hapana mashine hata moja inayozunguka, wala senti inayolipwa kwa umeme.

Kenchi zile za nondo nazo zina sababu yake. Katika kijiji cha mbali haiwezekani kuleta mashine kubwa ya kunyanyulia vyuma vizito. Nondo nyembamba hununuliwa kwa urahisi, hukatwa kwa msumeno wa mkono, huunganishwa kwa mashine ndogo ya kulehemu, na watu wachache huweza kuziinua. Wanakijiji waliofundishwa kazi hiyo ndio waliozitengeneza. Fundi mwenye akili hutazama kwanza mikono aliyo nayo, kisha ndipo hupanga nyumba. Wengi hufanya kinyume.

Madarasa yalikuwa matatu, yamepangwa katika mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa pakaachwa mahali wazi penye kivuli cha paa lile lile, watoto wapate kuchezea au kusomea nje. Kazi ikafanywa na kijiji kizima. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walichota maji ya kufanyia matofali, wanaume wakashindilia na kujenga. Katika kazi za Gando hata sakafu ilifanywa kwa udongo: vijana walisimama saa nyingi wakiupondaponda, kisha akina mama wakaja wakaupiga kwa pamoja, na mwisho wakausugua kwa jiwe mpaka uwe laini kabisa. Mwaka wa 2001 shule ikawa tayari.

Masika yakaja, na kuta zikasimama.

Mwaka wa 2004 shule hiyo ilipewa tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo, nayo ni heshima kubwa inayopewa majengo ya nchi nyingi. Mwaka ule ule Kéré alimaliza masomo yake Berlin. Maana yake nyumba yake ya kwanza ilipata sifa ulimwenguni wakati alipokuwa akipata cheti chake. Watoto wakazidi kuja, mpaka madarasa hayakutosha, na mwaka wa 2008 majengo mengine yakawa yameongezwa. Zilijengwa pia nyumba za walimu. Katika jengo la maktaba walitumia vyungu. Wanawake walileta vyungu vya udongo kama vile vya nyumbani, vikakatwa, vikatiwa katika dari ilipokuwa ikimiminwa, na kila chungu kikawa tundu la kuingizia mwanga na kutolea hewa ya moto. Mtoto aliyemwona nyanya yake akipika katika chungu humwona sasa chungu kile kile kikimulikia kitabu. Mwaka wa 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kuu kuliko zote katika kazi ya usanifu wa majengo, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Lakini faida ya nyumba ile kwa mwalimu wa Gando haimo katika tuzo. Mwalimu atakapo kufundisha kwamba hewa ya moto hupanda, hana haja ya kuchora ubaoni. Huwaambia wanafunzi watazame juu. Atakapo kufundisha hesabu ya eneo, ukuta u pale na matofali yahesabika. Atakapo kusema habari za upepo na majira, paa lenyewe ni shahidi. Tena liko somo lisiloandikwa katika vitabu: mtoto aliyeleta jiwe la msingi ajua kuwa shule haikushuka kutoka mbinguni wala haikuletwa na wageni, bali mkono wake umo ndani yake. Na vijana waliojifunza kufyatua matofali na kuunganisha kenchi walipata kazi ya ujenzi ya kujipatia riziki.

Fikira hizi zimefika na Afrika ya Mashariki. Katika Kenya, kando ya Ziwa Turkana, mahali penye jua kali na upepo mwingi, Kéré alisanifu chuo cha kufundisha vijana kazi za kompyuta, kilichomalizika mwaka wa 2021. Chuo hicho kina minara mirefu inayoonekana kutoka mbali, na aliyeizoea nchi ile huitambua mara moja, maana imefuata umbo la vichuguu. Mchwa hujenga kichuguu kirefu chenye njia nyingi za hewa ndani yake. Katika chuo kile hewa ya moto huvutwa juu kwa minara na kutoka, na hewa safi huingia chini. Na hivyo mashine za kompyuta, zisizopenda joto wala vumbi, hukaa salama. Mchwa hakusoma Berlin, lakini katika jambo hili amekuwa mwalimu wa waliosoma huko.

Sasa tuvuke bahari. Katika Marekani, jimbo la Ohio, kuna chuo kiitwacho Oberlin. Huko alikuwako mwalimu mmoja, David Orr, aliyefundisha habari za mazingira, yaani ardhi, maji, hewa na viumbe, na jinsi wanadamu wanavyovitumia. Alisema kwamba nyumba nazo hufundisha, hata kama mwenye nyumba hakukusudia. Mwanafunzi akifundishwa habari za kutunza ardhi ndani ya jumba linalopoteza moto na umeme bila hesabu, na asijue umeme ule watoka wapi wala maji machafu yaenda wapi, basi jumba lile limekwisha mfundisha kwamba mambo hayo si kitu. Maneno ya mwalimu husema hivi, na kuta husema vile. Na kuta husema mchana kutwa.

Basi Orr akashauri chuo kijenge nyumba itakayokubaliana na masomo yake, na wanafunzi wengi walishirikishwa katika kuifikiri. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka wa 2000. Ohio ni nchi ya baridi. Wakati wa kipupwe theluji huanguka. Kwa hiyo taabu yao si kufukuza joto kama Gando, bali kulihifadhi. Madirisha makubwa yalielekezwa upande wa kusini, kwa maana katika nchi za kaskazini jua la kipupwe hukaa upande huo. Visima vilichimbwa ardhini ili kupata joto la chini, ambalo halibadiliki sana mwaka mzima. Juu ya paa pakawekwa mabamba yanayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Na maji machafu ya nyumba hayakutupwa: yalipitishwa katika matangi yenye mimea na vijidudu vinavyokula uchafu, yakatoka yakiwa safi kiasi cha kutumika tena kusafishia vyoo, ingawa si ya kunywa. Wanafunzi hupita kando ya mimea ile kila siku, na kazi ya kuichunga ni sehemu ya masomo.

Tena nyumba ile iliwekewa vipimo vingi, vya umeme, maji na joto, na hesabu zake zikaonyeshwa wazi mbele ya kila aingiaye. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito. Kabla ya kujengwa ilikuwa imesifiwa kwamba itatumia umeme kidogo sana. Mwalimu mmoja wa fizikia, wa chuo kile kile, akazichukua hesabu, akazichunguza, akatangaza kuwa nyumba inatumia umeme mwingi kuliko ilivyosemwa. Pakawa na mabishano marefu, nayo yakaandikwa katika magazeti ya elimu. Wengine walichukizwa, kwa kuwa si jambo tamu kuona kazi yako ikikosolewa na jirani yako. Lakini vipimo vilikuwa pale pale, na kipimo hakimpendelei mtu. Mitambo ikarekebishwa, na mwaka wa 2006 mabamba mengine ya jua yakaongezwa juu ya mahali pa kuegeshea magari. Na baada ya hayo nyumba ikaweza kutoa kwa mwaka umeme mwingi kuliko ule inaoutumia. Yamkini wanafunzi walioona ubishi ule walijifunza zaidi kuliko wale ambao wangeoneshwa nyumba isiyo na kosa.

Liko na jaribio jingine lililofanywa Oberlin mwaka wa 2005, nalo lastahili kujulikana. Mabweni ya wanafunzi yalishindanishwa kwa majuma mawili, yapate kuonekana ni lipi litakalopunguza matumizi ya umeme kuliko mengine. Mabweni machache yaliwekewa vipimo vilivyoonyesha matumizi saa ile ile yanapotokea. Mengine yaliambiwa hesabu yao mara moja tu kwa juma. Matumizi ya mabweni yote kwa jumla yalipungua asilimia 32. Lakini yale yaliyoweza kuona kipimo chao kila wakati yalipunguza asilimia 55. Wanafunzi walikuwa wale wale, taa zile zile. Tofauti ni kwamba hawa waliona, na wale walihadithiwa.

Huenda mtoto asomaye habari hizi akasema: Shule yetu haina mabamba ya jua, wala vipimo, wala hakuja kwetu msanifu wa Berlin. Ni kweli. Lakini hakuna nyumba isiyoweza kuulizwa maswali, hata ile mbaya. Na pengine nyumba mbaya ina majibu mengi zaidi.

Chukua habari ya jua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua huchomoza mashariki, hupita karibu na utosi, na kuchwea magharibi. Basi nyumba ya darasa ambayo kuta zake ndefu na madirisha yake yanaelekea mashariki na magharibi hupigwa na jua la asubuhi upande mmoja na jua la alasiri upande wa pili, na wanafunzi huhama madawati kama kuku wanaofuata kivuli. Nyumba ile ile ikigeuzwa, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, jua hupiga ncha zake fupi tu, na juu hukutana na paa. Hili halizidishi gharama hata senti moja, mradi lifikiriwe kabla ya kuchimba msingi. Baada ya hapo limekwisha pita, na hata tajiri hawezi kuigeuza nyumba.

Chukua tena habari ya maji. Mvua hupimwa kwa milimita, na wanafunzi wengi hulikariri neno hili bila kujua lina faida gani. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, bila kuzidi wala kupungua. Tuseme paa la shule hufunika urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Eneo lake ni mita za mraba 160. Ikinyesha mvua ya milimita 25, mvua ya jioni moja tu ya masika, maji yaliyoanguka juu ya paa lile ni lita 4,000. Tuseme sehemu moja katika tano hurukia nje au kupotea katika mifereji. Husalia lita 3,200, nazo ni ndoo 160 za lita 20. Mahali pengi wasichana huenda mbali mtoni kuchota maji ya shule, na huku nyuma ndoo 160 zimemwagika kutoka kwenye paa, zikachimba korongo chini ya msingi. Ikiwa mkuu wa shule ataoneshwa hesabu hii, imeandikwa vizuri na wanafunzi wake, tena vipimo wamevipima wenyewe, huenda akalifikiri jambo la mifereji na tangi kuliko angeombwa kwa maneno matupu.

Jihadharini katika kupima: upana wa paa hupimwa chini, penye kivuli chake wakati jua li utosini, wala si juu kwa kufuata mteremko wa mabati, kwa maana mvua haijali mteremko. Wengi hukosea hapa.

Na habari ya joto yaweza kujaribiwa kwa makasha mawili ya karatasi ngumu yaliyo sawasawa. Kila kasha litobolewe tundu chini, upande mmoja. Na moja tu litobolewe matundu juu pia. Yawekwe yote mawili juani tangu saa tatu mpaka saa sita, na ndani ya kila moja kipimajoto, au kwa wasio nacho, kipande cha mafuta ya nazi yaliyoganda. Kisha ubani ufukizwe karibu na tundu la chini, moshi wake utazamwe njia unayopita.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa Gando walifadhaika waliposikia kuwa shule itajengwa kwa udongo? Je, walikuwa na haki?

2. Eleza kazi ya kila kimojawapo: paa lililotokeza nje, nafasi kati ya bati na dari, matundu ya dari. Kama kimoja kingekosekana, ingekuwaje?

3. Taabu ya Oberlin ni baridi, na taabu ya Gando ni joto. Ni jambo gani ambalo nyumba zote mbili zimefanana?

4. Pima darasa lako. Madirisha yake yanaelekea wapi? Weka alama sakafuni mahali jua lifikapo saa mbili asubuhi, na tena saa kumi alasiri.

5. Paa la nyumba ya mwalimu hufunika mita 9 kwa mita 6. Usiku imenyesha mvua ya milimita 30. Sehemu moja katika tano ikipotea, zimebaki ndoo ngapi za lita 20?

6. Uliza wazee wa kwenu jinsi nyumba za zamani zilivyojengwa, na jinsi walivyozuia mvua isiharibu kuta. Andika majibu yao.